Kikanda Kwenye Masanduku ya Madamu

Watu wa Kamalondo, mtaa wetu, watakuambia kaka yangu Clément Kabwe aliharibiwa na maua. Wengine wanasema alirogwa, kwamba mama mkwe wake, mwanamke wa Kasenga, alimfungia njia kwa dawa. Nimechoka na maneno hayo. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani, nimeona kwa macho yangu. Kilichomharibia kaka yangu si ua wala dawa, ni kinywa chake. Ulimi hauna mfupa, na wa Clément uliponyoka Jumapili moja baada ya misa, mbele ya sahani za watu, na mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Ngoja nianze mwanzo. Sisi ni watu wa Kasai. Baba alitupandisha treni reli ilipokuwa bado mpya, tukashuka Élisabethville na vikapu vyetu na kuku aliyefia njiani. Clément alikuwa mkubwa, mimi Adolphine nilimfuata. Kwetu ndugu mkubwa tunamwita yaya, na sijawahi kumwita vingine, hata siku nilipotaka kumpiga na mwiko. Alisoma kwa mapadri, akaandika vizuri, akapata kazi ya ukalani pa gare, kituo cha treni, kwenye stoo ya mizigo. Kila kilichotoka kaskazini kwa treni kilipita mbele yake.

Ndiko maua yalikoanzia. Wazungu wa mji huu walipenda kuagiza mimea ya msituni, kutoka Stanleyville na mbele zaidi, kule ambako mvua haijui kupumzika. Ilikuja imefungwa kwenye magunia na vikapu, na mara nyingi mwenyewe alikuwa safarini, basi kikapu kinakaa stoo na mmea unakauka ndani yake. Makalani wengine waliruka juu wakapita. Yaya aliimwagia maji. Hakuna aliyemtuma. Wenyewe walipokuja wakakuta majani mabichi, walimkatia tawi wakamwambia apande kwake. Na ule mmea uliokuwa karibu kufa, ambao waliona aibu kuutupa kwa mikono yao, walimpa mzima.

Mimi nasema zawadi ya namna hiyo ni mzigo. Mtu akikupa kuku, unachinja. Akikupa kitambaa, unashona. Akikupa mmea wa nchi isiyojua baridi, amekupa mgonjwa wa kuuguza. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa baridi. Halafu upepo ukigeuka, moshi wa kuyeyusha shaba unashuka juu ya nyumba zetu na kuchoma hata majani ya viazi vitamu. Vanille ya kwanza waliyompa ilikufa kwa baridi. Ya pili ilikufa kwa moshi. Ya tatu aliivalisha gunia, akaiingiza chumbani, na alfajiri anaamka kuiwashia mbabula, jiko la makaa, ipate joto. Nilimkuta hivyo, amechuchumaa mbele ya jani, anapepea moto.

"Yaya," nikamwambia, "batoto ya jirani beko natetemeka, na weye uko naotesha majani moto?"

"Batoto beko na mama yabo," akanijibu. "Hii haina muntu."

Vanille ile iliishi, ikapanda ukuta wa nyuma mpaka juu. Baadaye akapewa ua jekundu linalong'aa kama limepakwa mafuta, ambalo wake wa wazungu walishindwa nalo kwenye baraza zao za vioo. Nalo likaishi. Zikaja fern za msituni, zikaja begonia zenye majani ya rangi mbili. Jumapili watu walisimama kwenye lupango, kiwanja cha nyumba yetu, kuangalia, na wazungu nao walipita, wakishika kofia mkononi. Siku moja mmoja wao, mkubwa wa posta, akamwambia "Monsieur Clément". Wakati ule mzungu kumwita mweusi Monsieur lilikuwa jambo la kusimulia. Na yaya alilisimulia, we, wiki nzima, mpaka chakula kilipoa mezani. Alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kusifiwa, na sitaficha jambo hilo kwa sababu ni ndugu yangu.

Alimuoa Honorine Chanda, binti wa Wabemba. Honorine alikulia hapa mjini, alisoma kwa masista, akajua kushona na kupiga pasi, lakini mama yake, Ba Musonda, aliishi Kasenga, kando ya mto Luapula. Wifi yangu alikuwa mpole na mwenye kucheka upesi. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu iliposhika na tumbo likaonekana, alisema hataki kitu kingine duniani, anataka mama yake awepo. Mama ndiye ampokee mtoto, mama ndiye amwogeshe maji ya kwanza. "Bila mama nitaogopa," aliniambia, "na nikiogopa mutoto atakwenda tena." Hilo sote tulilijua, na yaya alilijua kuliko sote.

Basi kabla ya mambo hayo, mwaka mmoja nyuma, kulikuwa na Madamu Odile, mjane wa daktari wa ng'ombe. Huyu alizoea kwenda Kundelungu na kwenye mabonde ya maji kutafuta maua ya porini, na aliyapanda kwenye masanduku ya sabuni yaliyojaa mchanga na udongo mweusi. Alipofunga safari ya kurudi kwao Ubelgiji kabisa, alimwita yaya nyumbani kwake, akampa masanduku yote. Alilia akimpa.

"Clément," alimwambia, "hizi ndizo ngumu kuliko zote. Wengi wamejaribu, wameziua. Majani yakikauka usiogope, zinalala chini. Usizimwagie maji, usizichokoe, mpaka mvua."

Yaya alimwapia. Akayapanga masanduku nyuma ya nyumba chini ya kipaa cha bati, na mvua zilipokuja yale maua yalitoka kweli, ya rangi ya waridi na ya manjano, mengine yenye madoadoa. Yeye aliyaita ma-orchidées, kama Madamu. Honorine naye akayaita hivyo. Mimi nikayaita maua ya Madamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza chini ya mchanga kuna nini.

Kiangazi kilichofuata, majani yalikauka yakalala, na Ba Musonda akaja. Alishuka kwenye lori la wafanyabiashara wa samaki, amebeba kikapu cha samaki wakavu na kitenge kipya cha kubebea mjukuu. Hakuweza kulala kwetu. Unajua mambo ya bukwe. Mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hawasemezani, na mmoja akitokea njia hii mwingine anakata njia ile. Kwa hiyo alilala ng'ambo ya uzio, kwa Mado, Mubemba mwenzake, na mchana yaya akiwa pa gare ndipo alivuka kuja kumsaidia binti yake. Jioni akisikia baiskeli ya mkwe, anajifunika uso na kutokea mlango wa nyuma.

Sasa, mtoto akizaliwa ingekuwaje? Mama hawezi kumpokea mjukuu ndani ya nyumba ambayo hawezi kuvuka kizingiti chake mwenye nyumba akiwepo. Kwa Wabemba dawa yake ni moja, mkwe anaingizwa. Mama mkwe anampikia vyakula vyote vya kwao, chungu baada ya chungu, wanawake wanavileta kwa nyimbo, vinafunuliwa kimoja kimoja mbele yake. Mkwe akionja vyote, aibu imekwisha, amekuwa mtoto wa nyumba, na mama anaingia na kutoka anavyotaka. Kwetu Kasai nako mama mkwe anaogopwa, lakini sisi tunamaliza kwa mbuzi. Nadhani hapo ndipo yaya alipopotea. Honorine alimweleza, akaitika, lakini moyoni alihesabu ni karamu tu, kuku na wali.

Ba Musonda alianza kutafuta vitu vyake. Kuku alimnunua, samaki alikuja nao, karanga na sombe, majani ya muhogo, zilipatikana. Kilichomsumbua kilikuwa kikanda. Kama hukijui, kikanda ni viazi vidogo vinavyokaa chini ya ardhi kwenye mabonde ya maji. Wanawake wanavichimba, wanavikausha, wanavitwanga unga, wanachanganya na unga wa karanga na chumvi na pilipili, wanapika mpaka kinashikana, halafu wanakikata vipande kama mkate. Hakuna karamu ya kumuingiza mkwe bila kikanda, Wabemba watakucheka. Na pa soko siku hizo hakikuwepo kizuri.

Asubuhi moja Honorine alikwenda kupimwa mimba maternité. Ba Musonda alikuwa anafagia nyuma ya nyumba, akafika kwenye kipaa cha bati, akaona masanduku na vijiti vikavu vimesimama mchangani. Mwanamke aliyechimba mabonde tangu utoto haulizi vijiti hivyo ni vya nini. Aliingiza kidole. Kikanda. Kinene, kizuri, sanduku baada ya sanduku, kimelazwa kwenye mchanga mkavu. Mado ndiye aliyetusimulia baadaye furaha aliyokuwa nayo. Alivuka uzio mbio, mwanamke mzima wa umri ule.

"Mutoto yangu njo mwanamuke wa kweli," alisema. "Mi nilizani mji umemuharibu. Kumbe anajua kulalisha kikanda mu muchanga kama bakubwa."

Wala hakumwambia Honorine, kwa sababu chakula cha kumuingiza mkwe hakionyeshwi binti kabla ya siku yake. Alikihamisha kwa kitambaa kidogo kidogo hadi kwa Mado, akarudisha mchanga na vijiti juu, akasawazisha vizuri.

Utauliza, kwa nini hakuna aliyemwambia mama asiguse? Yaya alikuwa amesema, na kwa sauti, kwamba mtu asisogelee masanduku. Lakini alimwambia mkewe. Na Honorine aliniambia mwenyewe akilia, "Adolphine, nilishindwa. Nitamuambia mama yangu asiguse kintu ya mukwe wake? Ataona namuita mwizi." Alinyamaza kwa adabu. Mimi siwezi kumlaumu, ingawa nimejaribu.

Jumapili ikafika. Yaya alivaa koti lake na tai, akaketi kwenye kiti katikati ya chumba, na mimi nikakaa mkekani kama ndugu wa mume. Tulisikia nyimbo zikitoka kwa Mado, zikavuka uzio, zikaingia. Wanawake walikuja kwa magoti, mabeseni kichwani. Ba Musonda alikuja nyuma yao, kitenge kimemfunika kichwa na uso, akapiga magoti karibu na mlango, mbali na mkwe wake. Mikono yake tu ndiyo ilionekana.

Mado ndiye aliyesema kwa ajili yake. Alifunua bukari, ugali wetu, akaeleza. Alifunua kuku mzima, akaeleza kwamba firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Alifunua samaki wa Luapula. Yaya alionja kila kitu, akasifu, akatania kidogo, wanawake wakacheka chini ya vitenge. Nilimwona Honorine kwenye kona, mikono juu ya tumbo, uso wake umefunguka kama sijawahi kuuona. Chungu cha mwisho kilipofunuliwa, kilikuwa kikanda, chekundu cheusi, kimekatwa vipande vizuri. Yaya alikula kipande chote. Akala cha pili. Akauliza kwa heshima, kama mgeni mwenye malezi, "Ba Mado, kikanda ya muzuri hivi munaitoa wapi mu mji huu?"

Mado akajibu kwa fahari, "Haitoke mbali, tata. Iko ya kwenu wenyewe. Mama aliipata mu masanduku ya nyuma ya nyumba, vile muke yako aliilalisha."

Yaya hakuelewa mara moja. Nilimwona akitafuna polepole. Halafu akaweka mkono mezani, akainuka, akatoka nje. Tulisikia sanduku likipinduliwa, na jingine. Aliporudi mikono yake ilikuwa imejaa mchanga, na uso wake sikuutambua. Hakumwangalia Mado. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mama mkwe wake, akasimama juu yake, jambo ambalo hata mlevi hafanyi, akasema naye kwa kinywa chake.

"Weye uko mushenzi wa namna gani? Bazungu balikuwa nalia juu ya maua hii, na weye unaitwanga na karanga. Ondosha bintu yako. Mi siwezi kula chakula ya bashenzi."

Alisema mbele ya wanawake wa kwao, mbele ya binti yake mwenye mimba. Mushenzi. Neno ambalo wazungu walitutupia sisi kila siku barabarani, yaya alilichukua akamtupia mama wa mke wake, aliyepiga magoti. Nilisema, "Yaya, nyamaza." Nilichelewa.

Ba Musonda aliinua kichwa. Kitenge kikaanguka mabegani, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkwe wake usoni, wazi, kwa muda. Hakulia. Alivuta kitenge, akaanza kufunika vyungu, kimoja kimoja. Alisema maneno machache kwa Kibemba. Wanawake walibeba mabeseni yao wakatoka bila wimbo. Nilimuuliza Mado baadaye mama alisema nini pale, akakataa kuniambia kwa muda mrefu. Mwishowe aliniambia. Alisema, "Nimeona sura yake, inatosha."

Kesho yake alipanda lori la samaki. Honorine alitaka kumfuata, nikamshika. Barabara ya Kasenga na tumbo lile, angemwacha mtoto njiani. Alikaa. Kila siku alikaa kwenye ngazi ya mlango akitazama uzio wa Mado, na yaya alipita kando yake akisukuma baiskeli. Hasira yake ilikuwa imekwisha Jumatatu asubuhi, namjua. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu anayeitwa Monsieur, akangoja mwingine aanze.

Mtoto alizaliwa mvua za kwanza, msichana, mzima kabisa, namshukuru Mungu. Tukamwita Angélique. Mimi ndiye niliyemwogesha maji ya kwanza. Honorine alinitazama kitandani, akasema, "Mikono yako iko muzuri, Adolphine. Lakini haiko ya mama." Na tangu siku ile hakumwita mume wake Tata Angélique, yaani baba wa Angélique, kama wanawake wote wanavyowaita waume zao. Alimwita Monsieur. Monsieur, chakula iko tayari. Monsieur, mutoto iko nalia. Kwa sauti ya upole, bila kosa lolote la adabu, kila siku. Ningekuwa mimi ningevunja sahani. Yeye alisema Monsieur.

Mvua zilipokolea, mimi nilikuwa nachota maji kwenye bomba la nyuma, pale ardhi inapolowa siku zote. Nikaona majani membamba yanatoka matopeni, mengi, yamepangwa mstari. Nilidhani ni magugu. Yaya alipokuja kuangalia alipiga magoti pale pale na suruali yake ya kazi. Zilikuwa orchidées. Akayaacha, yakakua, na mwezi wa pili yakatoa maua marefu kuliko yale ya masanduku, ya waridi na ya manjano. Masanduku ya Madamu hayajawahi kuzaa hivyo.

Tukamwita Mado. Aliyatazama wala hakushangaa.

"Njo bile bidogo," alisema. "Kikanda haimalizwe. Ukichimba, ile munene unakula, ile kidogo unarudisha mu budongo, pa maji. Mama aliirudisha yote, mi nilimusaidia."

"Na juu ya nini hakusema?" yaya akauliza. "Ile siku, juu ya nini hakusema?"

Mado alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angemtukana. "Aseme na nani, tata? Weye ulikuwa mukwe. Mbele yako hakuwa na kinywa. Ile chakula njo ingemupa kinywa."

Yaya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka mvua ikaanza tena, na hata hapo hakuinuka. Nilimletea gunia ajifunike. Kiburi chote kilimtoka siku ile, lakini kilitoka baada ya mlango kufungwa.

Tulikwenda Kasenga kiangazi, yeye na mimi na Honorine na mtoto, na mbuzi na vitenge. Ba Musonda alimchukua mjukuu wake mikononi, akamnusa kichwani, akacheka. Kwa mkwe wake aligeuza mgongo, akajifunika, kama siku ya kwanza ya posa. Yaya aliomba msamaha kupitia kwangu. Nilisema maneno yake yote, na mengine yangu niliongeza. Kaka wa Ba Musonda, Tata Nkandu, ndiye aliyerudisha jibu.

"Dada yangu anasema alisamehe tangu mu lori. Hana kinyongo. Mbuzi tumepokea, asante."

"Basi ampikie tena," nikasema. "Amuingize."

Mzee yule alinitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la kitoto. "Mukwe anaingizwa mara moja, mama. Alipikiwa, akakataa. Tutasema aliingia mara mbili?"

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Nani aliweka sheria hiyo? Kama amesamehe, chakula ni chakula, sufuria iko, moto upo. Niliwaambia hivyo. Walinisikiliza vizuri sana, wakanipa mimi bukari na samaki, na yaya wakamtuma kwa katekista akale kule. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ndivyo walivyokuwa, na mimi nilikula huku nikitaka kulia.

Alikwenda kila mwaka. Kila mwaka alipokelewa zawadi zake, akasimama nje, akala kwa katekista. Huku mjini aliacha kupokea mimea. Vanille aliwapa masista, ua jekundu alimpa Mgiriki wa dukani, na mzungu akija gare na kikapu chake cha zawadi, yaya alimshukuru akasema nyumba imejaa. Yalibaki tu yale ya pa bomba. Kila kiangazi alimwita Mado achimbe manene na kurudisha madogo, na Mado alitugawia kikanda. Yaya hakukigusa. Sikuwahi kumwona mtu anajuta kwa kimya kirefu namna ile, na kwa mimi ninayependa kelele, ilikuwa vigumu kuishi naye.

Ba Musonda alifariki Angélique alipokuwa ameanza shule. Lori lilituletea habari, tukaondoka na lori hilo hilo. Wakwe wengine wa nyumba ile, waume wa dada zake Honorine, walichimba kaburi, walibeba jeneza, waliingia na kutoka chumbani kwa marehemu kama watoto. Yaya alishika jembe. Tata Nkandu akalichukua mkononi mwake taratibu, akamwonyesha kiti chini ya kivuli, pamoja na watu wa lori. Honorine alipita hapo akilia, ameshikwa na dada zake. Hakumwangalia.

Baada ya kuzika, vyungu vikafunuliwa, watu wote wakala, wakwe na wajukuu kwenye beseni moja. Nilimwona Tata Nkandu anamtuma mtu dukani. Aliporudi, mzee mwenyewe alibeba sahani kwa mikono miwili mpaka kwa yaya, kwa heshima yote. Ilikuwa mkate na kopo la sardini, chakula anachopewa mpita njia ambaye hana mtu wa kumpikia.

Angélique aliacha wenzake, akaja kusimama kwenye goti la baba yake, vidole vimejaa mchuzi. "Papa," akauliza, "juu ya nini weye unakula ya duka?"

"Juu niko mugeni, mama," yaya akamwambia.

Akamfuta mtoto vidole kwa leso yake, akamtuma arudi kula kwa ndugu zake. Halafu akala mkate wote na sardini zote, akanywa maji, akamrudishia mzee sahani kwa mikono miwili.